Shule ya York: karibu miaka 1400, moto mara nyingi, na swali lile lile la nani anamlipa mwalimu

Mwaka 2027, shule moja ya mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, itahesabu miaka 1400 tangu ianze kufundisha. Inaitwa Shule ya Mtakatifu Petro. Jina hilo ni la kanisa kuu la mji huo, kwa sababu shule ilizaliwa chini ya paa la kanisa hilo. Mwaka inaouhesabu kuwa wa kuanza kwake, 627, Mtume Muhammad alikuwa bado hai huko Madina, na hapakuwa na nchi inayoitwa Ufaransa wala Uingereza.

Shule za namna hiyo ziliitwa shule za katedrali. Askofu alihitaji vijana wa kusoma Maandiko na kuimba misa, na watu wa kumwandikia barua na kutunza hesabu za mali ya Kanisa. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuwafundisha, kwa hiyo aliwafundisha mwenyewe, au alimteua padri mmoja kuwa mwalimu. Kutoka katika shule hizo vilitoka baadaye vyuo vikuu: Chuo Kikuu cha Paris, kwa mfano, kina mizizi yake katika shule ya kanisa kuu la Notre-Dame.

Nyingi zilikufa. Chache zinaendelea mpaka leo, na tatu za Uingereza zinajihesabu kuwa kongwe kuliko zingine: ya Canterbury inataja mwaka 597, ya Rochester inataja 604, na ya York 627. Hii ya York ina historia ambayo msomaji wa upande wetu wa mashariki ataielewa bila shida. Imeunguzwa, imebomolewa kwa mizinga, imehamishwa mara kadhaa, na mji wake umetekwa zaidi ya mara moja. Kila mara masomo yalirudi. Yalirudi vipi?

Mwimbaji aliyebaki

Mambo ya mwanzo tunayajua hasa kwa mtawa Beda, aliyemaliza kitabu chake cha historia ya Kanisa la Waingereza mwaka 731. Anaeleza kwamba mmisionari kutoka Roma, Paulino, alifika kaskazini mwaka 625 pamoja na binti wa mfalme wa Kent aliyekuwa anakwenda kuolewa na Edwin, mfalme wa Northumbria. Siku ya Pasaka mwaka 627 Edwin alibatizwa York, katika kanisa la mbao lililojengwa haraka kwa ajili ya shughuli hiyo na kuwekwa chini ya jina la Mtakatifu Petro. Kisha kazi ya kujenga kanisa la mawe kulizunguka lile la mbao ikaanza.

Miaka sita baadaye vita viliharibu yote. Mwaka 633 Edwin aliuawa vitani. Paulino alimchukua malkia na watoto, wakakimbilia kusini kwa njia ya bahari. Hakurudi tena. Alikufa mwaka 644 akiwa askofu wa Rochester.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye hakukimbia. Ni shemasi Yakobo. Beda anaandika kwamba alibaki katika eneo hilo, akaendelea kufundisha na kubatiza. Amani iliporudi na waumini wakaongezeka, alifundisha watu wengi kuimba kwa namna ya Roma, maana alikuwa fundi wa nyimbo za Kanisa. Aliishi miaka mingi mpaka akawa mzee sana.

Je, hiyo tayari ilikuwa shule? Wanahistoria wengi wanakuwa waangalifu: mwaka 627 ni mwaka wa ubatizo wa mfalme na wa kuanza kwa kanisa, na shule imeuchukua kuwa wake kwa sababu palipokuwa na kanisa la askofu palihitajika mafundisho. Hali ya jengo lenyewe ilikuwa mbaya. Wilfrid alipokuwa askofu, karibu na mwaka 670, alikuta paa linavuja, madirisha hayana vioo, na ndege wanaingia na kutoka wakijenga viota ndani. Aliezeka kwa risasi na kuweka vioo.

Mwalimu aliyerithi vitabu

Ushahidi ulio wazi wa shule unakuja katika karne ya 8. Mwaka 732 Egbert aliwekwa kuwa askofu wa York, na mwaka 735 akawa askofu mkuu. Alikuwa ndugu wa mfalme, kwa hiyo Kanisa na utawala vilikaa katika nyumba moja. Chini yake shule iliwekwa mikononi mwa jamaa yake, Ælberht, mwalimu ambaye alisafiri mpaka ng'ambo ya bahari kutafuta vitabu na elimu mpya.

Mwanafunzi wake mmoja alikuwa Alcuin, aliyezaliwa karibu na mwaka 735 na kuletwa kanisani akiwa bado mtoto. Alcuin alikuja kuandika utenzi mrefu wa Kilatini kuhusu mji wake, na humo ameorodhesha yale yaliyofundishwa: sarufi, ufasaha wa kusema, sheria, muziki, mwendo wa jua na mwezi na nyota, viumbe vya asili, namna ya kuhesabu ili kuipata tarehe ya Pasaka, na juu ya yote Maandiko Matakatifu. Ametaja pia waandishi wapatao 40 ambao vitabu vyao vilikuwa katika maktaba ya York, tangu Agostino na Jeromu mpaka Aristotle, Cicero na Virgil. Wakati huo kitabu kimoja kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama au kondoo, na ngozi za kundi zima zingeweza kwisha kwa kitabu kikubwa kimoja. Maktaba ya namna hiyo ilikuwa utajiri wa ajabu.

Kuna jambo moja katika utenzi huo linaloonyesha jinsi vitabu vilivyothaminiwa. Ælberht, ambaye naye alikuwa amekuwa askofu mkuu mwaka 767, alipozeeka aligawa urithi wake kwa wanafunzi wawili. Eanbald alipewa kiti cha askofu pamoja na hazina na mali. Alcuin alipewa shule na vitabu.

Alcuin hakuwahi kuwa askofu. Hata upadri hakuupata, alibaki shemasi maisha yake yote. Lakini leo jina lake linajulikana kuliko la Eanbald.

Mbwa mwitu, mbuzi na kabichi

Alifundisha vipi? Kuna mkusanyo wa maswali ya hesabu na mafumbo zaidi ya 50 ambao kwa desturi unahesabiwa kuwa wake, ulioandikwa kwa ajili ya kunoa akili za vijana. Fumbo moja humo watu wengi wanaozungumza Kiswahili wamelisikia wakiwa watoto, katika sura ya chui, mbuzi na majani. Mtu anataka kuvuka mto akiwa na mbwa mwitu, mbuzi na fungu la kabichi. Mtumbwi unabeba yeye na kimoja tu. Akimwacha mbwa mwitu na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na kabichi, kabichi italiwa. Afanyeje?

Jibu linahitaji kuvuka mara saba. Anaanza na mbuzi, anarudi peke yake, anamvusha mbwa mwitu, na hapo anamrudisha mbuzi alikotoka. Anaivusha kabichi, anarudi mtupu, na mwishoni anamchukua mbuzi. Siri iko katika kukubali kurudi nyuma na kitu ulichokwisha kukivusha. Mkusanyo huo ndio maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana yenye fumbo hilo. Nani alilitunga kwanza, na lilipita njia gani mpaka kufika kwenye meko za Afrika, ni hadithi nyingine. Lakini miaka zaidi ya 1200 iliyopita mwalimu wa katedrali alishaona kwamba mtoto hujifunza vizuri akichekeshwa na kutegwa kidogo.

Kutoka York mpaka herufi unazosoma sasa

Mwaka 781 Alcuin alitumwa Roma, na njiani, katika mji wa Parma nchini Italia, alikutana na Charlemagne, mfalme wa Wafranki. Mfalme huyo alikuwa ameteka nchi nyingi lakini alikosa watu wenye elimu wa kuziongoza. Alimwomba Alcuin aje kwake. Akaenda, akaongoza shule ya ikulu, na mwaka 796 akafanywa abate wa Mtakatifu Martino huko Tours, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Alikufa huko tarehe 19 Mei 804.

Mwaka 789 Charlemagne alitoa agizo kubwa, ambalo wanahistoria wengi wanaamini Alcuin alishiriki kuliandika: kila jimbo la askofu na kila monasteri iwe na shule ya kuwafundisha watoto wa kiume zaburi, uimbaji, hesabu na sarufi. Yale yaliyokuwa yakifanywa katika mji mmoja wa kaskazini yakawa sheria ya nusu ya Ulaya.

Kabla ya hapo kijana mmoja kutoka Frisia, Liudger, alikuwa amevuka bahari kuja kusoma York kwa Alcuin. Ilibidi aondoke ghafla. Mfanyabiashara mmoja wa kabila lake alimuua mtoto wa mkubwa wa Northumbria katika ugomvi, na Wafrisia wote mjini wakaogopa kulipiziwa kisasi. Liudger alikimbia, lakini aliondoka na vitabu. Baadaye akawa askofu wa kwanza wa Münster, nchini Ujerumani. Mji huo nao una shule, Paulinum, inayohesabu mwanzo wake katika mwaka 797 na kazi ya Liudger. Inafundisha mpaka leo.

Na kuna jambo lililo mbele ya macho ya msomaji sasa hivi. Katika zama za Charlemagne waandishi walisafisha mwandiko: herufi ndogo, za duara, zilizo wazi, na nafasi kati ya neno na neno. Alcuin hakuubuni mwandiko huo, ila monasteri yake ya Tours ikawa moja ya vituo vilivyoukamilisha na kuusambaza. Karne nyingi baadaye wasomi wa Italia waliuiga, na wapiga chapa wa kwanza wakautengenezea herufi za risasi. Herufi ndogo za simu yako ni wajukuu wa mwandiko huo.

Mji unatekwa, vitabu vinapotea

Akiwa Tours, Alcuin alimwandikia mfalme kwamba anavikosa vitabu vya shule yake ya zamani, akaomba ruhusa ya kutuma vijana York wakavichukue. Ombi hilo lilikuwa na maana kuliko alivyojua. Mwaka 866 Waviking kutoka Denmark waliiteka York, na mwaka uliofuata wafalme wawili wa Northumbria waliojaribu kuukomboa mji waliuawa. Maktaba ile ya waandishi 40 ilipotea. Elimu ya York iliyookoka ni ile iliyokuwa imekwisha kutoka, vichwani mwa wanafunzi na katika nakala zilizovuka bahari.

Karibu karne nzima mji ulikuwa chini ya wafalme wa Kiskandinavia, mpaka mwaka 954. Halafu wakaja Wanormandi. Septemba 1069, askari wao waliokuwa katika ngome za York walisikia kwamba meli za Wadenmark zinakaribia. Walichoma nyumba zilizokuwa karibu na ngome zisije zikamsaidia adui. Moto ukawashinda, ukala mji pamoja na kanisa kuu. Majira ya baridi yaliyofuata, mfalme William aliamuru mashamba na vijiji vya kaskazini viteketezwe, na njaa ikaua watu wengi sana.

Askofu mkuu mpya, Thomas wa Bayeux, alianza kazi mwaka 1070. Mwandishi wa historia ya maaskofu wa York, Hugh, aliyekuwa mwimbaji wa kanisa hilo, anasimulia kwamba Thomas alikuta kila kitu kimeharibiwa. Kati ya mapadri saba wa katedrali, watatu tu ndio waliokuwapo. Thomas akarudisha nyumba yao ya kulala na ya kulia, akawaita waliotawanyika, na akamteua mwalimu wa shule.

Nani alimpa mwalimu chakula

Kumteua mwalimu ni jambo moja, kumlipa ni jambo lingine. Hapa ndipo historia ya shule za katedrali inapogusa maisha ya mzazi yeyote wa Goma, Bunia au Kindu.

Tangu zamani Kanisa lilisema kwamba elimu isiuzwe. Karibu na mwisho wa karne ya 8, Theodulf, askofu wa Orléans, aliwaagiza mapadri wa vijijini wafundishe watoto bila kudai malipo, isipokuwa kile ambacho wazazi watatoa wenyewe kwa moyo. Agizo zuri, lakini mwalimu naye ana tumbo. Mwaka 1179 mtaguso wa tatu wa Laterano, huko Roma, ulijaribu kulitatua hilo. Uliamua kwamba kila kanisa la katedrali limtengee mwalimu fungu la mapato, ili afundishe bure makleri wa kanisa hilo na wanafunzi maskini. Ulikataza pia kumtoza mtu pesa ili apewe kibali cha kufundisha.

Fungu hilo lilikuwa nini? Kwa kawaida halikuwa mshahara wa pesa taslimu. Lilikuwa shamba, kinu, kodi ya nyumba au sehemu ya mavuno ya kijiji fulani, iliyowekwa kwa ajili ya kazi fulani milele. Mwalimu akifa, shamba halikwenda kwa watoto wake, lilimngoja mwalimu mwingine. Ndiyo maana shule iliweza kuunguzwa bila kufa: jengo liliisha, lakini shamba la mwalimu lilibaki likizaa.

Lakini maneno ya Roma hayakutimizwa kila mahali. Mwaka 1215 mtaguso wa nne wa Laterano ulirudia uamuzi uleule, ukilalamika kwamba katika makanisa mengi haukutekelezwa. Miaka 36 ilikuwa imepita na walimu wengi walikuwa bado wanasubiri.

York ilikuwa na bahati. Kanisa lake lilikuwa tajiri, na mmoja wa wakubwa wa baraza lake, kansela, alikuwa na jukumu la kusimamia shule na kumteua mwalimu wa sarufi. Karibu na hapo, abasia ya Mtakatifu Maria iliwapa malazi na chakula wavulana maskini waliokuja kusoma. Kwa lugha ya kwetu tungesema shule ilikuwa ya askofu, na internati ilikuwa ya watawa. Hata baada ya tauni kubwa iliyofika York mwaka 1349, iliyoua mapadri na walimu kwa wingi, masomo hayakuisha.

Mfalme anachukua mali

Pigo lililofuata halikuwa la moto. Mfalme Henry VIII alipojitenga na Roma, alifunga monasteri zote na kuchukua mali zao. Abasia ya Mtakatifu Maria ilifungwa mwaka 1539. Katedrali ilibaki, shule ilibaki, lakini chakula na vitanda vya wavulana maskini vilikwenda pamoja na abasia.

Mwaka 1557 malkia Mary, aliyekuwa Mkatoliki, pamoja na mume wake Philip wa Hispania, walitoa hati mpya kwa shule. Ilipewa majengo na mapato ya hospitali ya zamani ya Mtakatifu Maria, mahali palipoitwa Horsefair, nje ya kuta za mji. Mwaka uliofuata malkia alikufa na nchi ikarudi kwa Waprotestanti.

Shule ikajikuta katikati. Mkuu wake mmoja, John Fletcher, alikaa miaka mingi gerezani kwa sababu ya imani yake ya Kikatoliki. Mmoja wa wanafunzi wa miaka hiyo alikuwa Guy Fawkes, aliyebatizwa York mwezi Aprili 1570. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605 alikamatwa chini ya Bunge la London akilinda mapipa ya baruti yaliyokusudiwa kumlipua mfalme na wabunge. Ndugu wawili waliokuwa naye katika njama hiyo, John na Christopher Wright, nao walisoma York. Fawkes alinyongwa mwezi Januari 1606. Mpaka leo kila tarehe 5 Novemba Waingereza huwasha moto na wengi huchoma sanamu yake. Shule ya Mtakatifu Petro haichomi. Haimsifu, lakini haimchomi mwanafunzi wake wa zamani.

Mwaka 1644, katika vita kati ya mfalme na Bunge, jeshi la Bunge liliizingira York, na majengo ya Horsefair yakaharibiwa. Shule ikarudi ndani ya kuta, ikazunguka huku na huku. Kwa muda mrefu ilifundisha ndani ya kanisa dogo kuukuu la Mtakatifu Andrea. Ilipofika mwaka 1844 ilihamia Clifton, kitongoji kilicho nje kidogo ya mji, kando ya mto Ouse. Ndipo ilipo mpaka leo.

Shule ya leo, na ada yake

Wasichana waliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1976, katika madarasa ya juu tu, na tangu 1987 shule nzima ni ya wavulana na wasichana. Kwa hiyo, kwa hesabu yake yenyewe, ilifundisha wavulana peke yao kwa karibu miaka 1350. Inapokea watoto kuanzia umri wa miaka 2 mpaka 18, na ina internati. Kati ya waliopita humo ni John Barry, mzaliwa wa York, aliyetunga muziki wa filamu nyingi za James Bond.

Lakini mtoto maskini ambaye mtaguso wa 1179 ulimtaja, yuko wapi? Leo Mtakatifu Petro ni shule ya kulipia. Serikali ya Uingereza haiwalipi walimu wake, na mashamba ya zamani hayatoshi tena. Wazazi wanalipa minervali, tena kubwa. Kwa sheria shule imeandikishwa kama shirika la hisani, na inatoa msaada wa ada kwa baadhi ya watoto ambao familia zao hazina uwezo. Hata hivyo, shule za kulipia nchini humo zinasomesha watoto karibu 7 tu kwa kila 100, na wengi wao wanatoka katika familia zenye pesa.

Ubishi juu ya hilo ni mkali. Tangu tarehe 1 Januari 2025 serikali ya Uingereza inatoza ada za shule hizo kodi ya asilimia 20, ikisema pesa hizo zitasaidia shule za umma. Wanaoipinga wanasema kodi itawafukuza wazazi wa kipato cha kati na kuziacha shule kwa matajiri peke yao.

Katedrali nayo ilipata mtihani wake. Mbali na shule ya sarufi, kanisa la York lilikuwa na shule ya pili, ya watoto wanaoimba katika kwaya yake. Mwaka 2020, corona ilipofunga milango na watalii wakakosekana, katedrali ilipoteza sehemu kubwa ya mapato yake. Ikatangaza kwamba haiwezi tena kuibeba shule hiyo, na mwezi Julai 2020 ikafungwa. Waimbaji, wavulana kwa wasichana, walihamishiwa Mtakatifu Petro. Yaani shule iliyokuwa imetoka nje ya kuta za katedrali ndiyo iliyowapokea watoto wa katedrali.

Sisi tunasoma nini hapa

Congo ina shule za Kanisa nyingi kuliko nchi nyingi za dunia. Mkataba wa 1977 kati ya Serikali na makanisa ndio uliozipa jina la konvansyone: Kanisa linaongoza, Serikali inalipa walimu. Tangu Septemba 2019, shule za msingi za umma, pamoja na hizo, ni bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyosema. Madarasa yakajaa. Lakini bado kuna walimu wanaoitwa NU, ambao wanafundisha bila kuingizwa katika orodha ya malipo, na wazazi wanaoombwa pesa kwa majina mapya mapya.

Mtu aliyesoma habari za mwaka 1179 na 1215 hatashangaa. Kutangaza kwamba mtoto maskini asome bure ni maneno ya siku moja. Kazi ndefu ni kumpa mwalimu wake fungu ambalo halitegemei huruma ya mzazi wala mabadiliko ya mkubwa. York ilipokuwa na shamba la mwalimu na vitanda vya abasia, mtoto wa maskini alikaa darasani. Vilipoondolewa, elimu haikufa. Iliendelea, lakini taratibu mlango wake ukawa wa wenye uwezo.

Na kwa wale ambao shule zao zimefungwa kwa sababu ya bunduki, au zimegeuzwa kuwa makazi ya wakimbizi, York ina jambo jingine la kuonyesha. Kila baada ya uharibifu, masomo hayakuanza na jengo. Mwaka 633 yalianza na shemasi mmoja aliyejua kuimba. Mwaka 1070 yalianza na mapadri watatu na mwalimu mmoja aliyeteuliwa katika mji uliojaa majivu. Kanisa kuu la mawe linaloonekana leo lilijengwa kuanzia karibu mwaka 1220 na kuwekwa wakfu mwaka 1472. Mwalimu alitangulia.

Siku nyingi za mwaka, jioni, watoto wa Mtakatifu Petro wanatoka Clifton kwenda katedrali kuimba sala ya jioni, kazi ileile ambayo shemasi Yakobo aliwafundisha watu wa eneo hilo vita vilipokwisha.